Marehemu Aliyefungua Mlango

Kivi, Michigan
20 Oktoba 1996

Mwanangu Aili,

Huku sote tu wazima, ukiacha mgongo wangu, ambao siku hizi una maoni yake. Viazi vimetoka vizuri kuliko mwaka jana. Theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana. Kanisani tumepata mpiga kinanda mpya, kijana wa mjini, anayepiga kwa haraka hata sisi wazee tunapomaliza ubeti yeye ameshavaa koti. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nasikia nusu ya maneno, na nusu hiyo huwa si ile yenye maana.

Baba yako amefariki. Usishtuke, yuko hapa jikoni kwangu anakula viazi. Amefariki maktabani.

Mambo yalikwenda hivi. Reino alikuwa kambini msituni anawinda ndege, kama kila Oktoba, na huko hakuna simu. Dolores wa maktaba akapokea lile jarida lenye shairi lako. Unamjua Dolores, kila ukichapishwa mahali anajisikia kana kwamba amekuzaa yeye. Akasoma shairi la binti anayemwosha baba yake aliyekufa, akalia, akalibandika kwenye ubao wa matangazo na utepe mweusi pembeni. Akajiambia kwamba ndiyo sababu Reino haonekani mjini. Hakumwuliza mtu. Watu nao hawakumwuliza Dolores, kwa kuwa jambo lililochapishwa huko mbali kwa herufi nzuri nani alipinge?

Basi Jumamosi wanawake wa kanisa na mchungaji, wakidhani umeshafika kuzika, wakapanga foleni uani kwa Reino na mabakuli ya makaroni na nyama, mikate ya iliki, na nyama ya nguruwe ya kutosha kulisha jeshi. Wakagonga. Mlango ukafunguliwa na marehemu mwenyewe, aliyerudi kutoka kambini asubuhi hiyo, amevaa soksi, manyoya ya ndege yamemganda kwenye mikono ya shati.

Nilikuwepo, nanyonyoa ndege jikoni kwake, kwa hiyo sitii chumvi. Impi Koski aliachia bakuli. Mchungaji akasema, "Reino, sisi... tumekuja kukupa pole." Ndugu yangu akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Ingieni. Kahawa ipo." Wakaingia, wakakaa mpaka giza. Mchungaji, ambaye alikuwa ameshachagua nyimbo, akaona aulize tu kwa adabu Reino angependa ipi. "Yoyote," akajibu, "ila asiipige yule kijana."

Sisi tumecheka hapa, lakini nataka unieleze. Kwa nini umemuua baba yako?

Shangazi yako,
Lempi


Tucson, Arizona
11 Novemba 1996

Shangazi Lempi,

Salamu za upendo kwako na kwa mgongo wako. Huku bado ni joto, watu wanavaa kaptula kwenda kununua maboga. Nimehamia nyumba yenye mti wa limau ambao hauniombi chochote. Madarasa ni mawili muhula huu, na wanafunzi ni wema na wamechoka.

Nimesikitika kwa usumbufu huo, na nitamwandikia Dolores. Lakini, shangazi, hilo ni shairi. Katika kazi yetu anayesema "mimi" ndani ya shairi si mwandishi. Tunamwita nafsineni. Ndiyo kanuni ya kwanza ninayowafundisha: mwanafunzi akisoma shairi la mwenzake hasemi "ulimpiga mkeo", anasema "nafsineni alimpiga mkewe". Bila hivyo hatungeweza kukaa chumba kimoja.

Mashairi ya kuomboleza yana desturi ndefu nchi hii, na siku hizi karibu kila mshairi anacho kitabu kimoja cha msiba wake. Changu kinatoka Mei. Shairi hilo ndilo linalokifungua, na mchapishaji amelipenda kuliko yote. Hakuna aliyeuawa.

Baba alisema nini alipolisoma?

Aili


Kivi, Michigan
30 Novemba 1996

Mwanangu,

Asante kwa malimau. Moja liliiva njiani kupita kiasi, matatu nimemwekea Reino kwenye chai. Msimu wa kulungu umekwisha. Hakupata kitu na hakuonekana kujali. Theluji sasa ni ya kweli, imefika kwenye kizingiti cha dirisha la sauna, hata kwenda kuoga mvuke ni kazi.

Huyo Nafsineni ni wa ukoo gani? Nauliza kwa sababu sikumwona kwenye mazishi ya mama yako. Nilikuona wewe, umevaa koti la kijivu, unakaribisha watu kahawa kana kwamba umeajiriwa na mkahawa, na kesho yake asubuhi ukaenda uwanja wa ndege. Labda yeye ndiye aliyebaki nyuma kulia.

Umeuliza baba yako alisema nini. Hajasema neno. Ila kila Jumanne, akishanunua mkate, anaingia maktabani, anavua kofia na kusimama mbele ya ubao. Dolores alitaka kuling'oa shairi kwa aibu. Reino akamwambia, "Liache hapo." Anasoma, anavaa kofia, anatoka. Ukimuuliza anaanza habari za betri ya gari.

Mimi namjua tangu akiwa na meno ya maziwa. Akinyamaza hivyo ameumia. Ana miaka sabini na minane, Aili, na kila wiki anakwenda kujisomea maiti yake. Kwenye kahawa ya kanisa bado wanamtania, "Reino, huko ahera kukoje?" Anatabasamu tu. Na wewe unataka kulichapa kwenye kitabu, lisambae nchi nzima.

Litoe. Una mashairi mengine mengi, nimeyaona, mengine yana ndege. Weka ndege.

Lempi


Tucson
9 Januari 1997

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mitihani, kisha mafua, kisha sababu nyingine. Soksi zimenitosha. Hapa hazihitajiki, lakini nazivaa ndani ya nyumba.

Siwezi kulitoa. Si kiburi. Kitabu kimejengwa juu yake. Ukiliondoa yale mengine hayajui yanamlilia nani. Na nikianza kumwuliza kila jamaa nini niandike, nitabaki na mashairi ya ndege, kama ulivyosema.

Nikueleze desturi nyingine ya darasani, kwa kuwa ile ya kwanza umeichezea vizuri. Shairi la mtu likijadiliwa, mwenyewe haruhusiwi kusema. Anakaa kimya na kalamu yake, wenzake wanalichambua mbele yake kana kwamba hayupo, na mwisho kabisa ndipo anapewa nafasi aseme alilo nalo. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alileta shairi la kaka yake aliyekufa ajalini. Tulilijadili nusu saa. Mimi mwenyewe nilisema ubeti wa tatu umelegea. Nafasi yake ilipofika alisema "asante" tu, akakusanya karatasi zake. Ubeti wa tatu ulikuwa umelegea kweli. Sijui kwa nini nakusimulia hili.

Baba akitaka kunikataza, anikataze mwenyewe. Namba yangu anayo.

Aili


Kivi
16 Februari 1997

Aili,

Salamu ni fupi leo. Sote tunapumua. Bomba la jikoni liliganda, Reino alilitengeneza huku analitukana. Impi Koski amevunjika mkono kwenye barafu, na anaufurahia, maana watu wanampikia.

Mpaka juzi sikuwa nimelisoma shairi lako. Nilikuwa nakugombeza kwa yale niliyosimuliwa, miwani yangu ya zamani haikutosha kwa herufi zile. Sasa nina mpya. Nilikwenda maktabani Alhamisi, makusudi, nisikutane na ndugu yangu. Dolores akaniletea kiti. Nikasoma:

*Tulimlaza baba kwenye benchi la chini,
tukamsuuza nywele mara mbili
kwa maji ya vuguvugu, kama alivyopenda.
Nje, mtu anapasua kuni
ambazo hatuzihitaji.*

Mwanangu, Reino ana upara tangu kabla hujazaliwa. Hana nywele za kusuuza hata mara moja. Na kama Reino ndiye aliyelala kwenye benchi, nani yuko nje anapasua kuni?

Mimi najua nani. Nilikuwa mle ndani, nimeshika beseni. Elma alikuwa ameomba aoshwe saunani kama walivyooshwa bibi zake, kabla watu wa mazishi hawajaja na gari lao, na tukamwosha wewe na mimi, na mwanamume hakuruhusiwa kuingia. Reino alisimama nje akapasua kuni za majira mawili ya baridi. Nilimsikia wakati wote. Nawe ulimsikia pia, maana umemwandika.

Huyo si baba yako. Huyo ni mama yako. Dolores hajui, mchungaji hajui, na wakubwa wako huko waliolipenda kuliko yote hawajui.

Sikuulizi tena kwa nini umemuua Reino. Nakuuliza kwa nini humtaji Elma.

Lempi


Tucson
22 Machi 1997

Shangazi,

Barua yako ilikaa juu ya friji kwa muda mrefu. Naomba radhi. Mlimau umetoa maua, harufu yake inaingia mpaka chumbani.

Nilijaribu kumtaja. Mwaka mzima baada ya mazishi niliandika "mama" juu ya karatasi, na mkono ukasimama hapo hapo. Nilikuwa nakwenda darasani kueleza watu jinsi huzuni inavyotengenezwa kuwa mstari, narudi nyumbani, naandika neno moja, nalifuta. Siku moja, kwa hasira tu, niliandika "baba". Mkono ukaenda. Beseni likaja, benchi likaja, kila kitu kikaja kama kilivyokuwa. Sikufikiria upara wake. Sikumfikiria yeye hata kidogo. Alikuwa mzima, kwa hiyo niliweza kumlaza pale. Nilipomaliza niliona ni shairi zuri, na nikalituma. Hivyo tu.

Ulipoandika jina lake, "Elma", nililisoma kwa sauti jikoni. Nililia, shangazi. Nililia vibaya, kwa kelele, jirani akagonga ukuta. Sikuwa nimelia tangu siku ile. Namtaka mama yangu. Nina miaka arobaini na minne na namtaka mama yangu, na huo ndio mstari wote.

Usiku ule ule nilibadilisha. Kila palipokuwa na "baba" nimeweka "mama", na nywele zimepata mwenyewe. Asubuhi nilituma kwa mchapishaji. Alinung'unika, lakini kasema bado kuna nafasi. Kwa hiyo umeshinda: baba ametolewa. Mwambie hahitaji tena kwenda maktabani kila Jumanne kujizika. Na mwambie naomba samahani.

Aili


Kivi
6 Aprili 1997

Mwanangu Aili,

Barafu ya ziwa imeanza kulia asubuhi. Mgongo wangu unasema mvua.

Nimeshinda, umesema. Subiri kwanza.

Barua yako ilifika Jumatatu. Jumanne nilimpikia Reino pasti za nyama na viazi, akala mbili, nikamwambia, "Habari njema. Aili amekutoa kwenye shairi."

Akaweka uma chini. "Amenitoa?"

"Amekutoa. Amemweka Elma, ambaye ndiye aliyekuwa humo siku zote."

"Najua ndiye aliyekuwa humo," akasema. "Unadhani mimi mjinga? Mimi na nywele wapi na wapi?"

Aili, alijua tangu siku ya kwanza. Alitoka kambini, akakuta chakula mlangoni, akaenda maktabani kuona kafa vipi, akasoma, akajua. Nikamwuliza mbona hakusema. Akatazama gari lake dirishani, nikadhani tunaingia kwenye betri. Kisha akasema haya, nami nayaandika kama alivyoyasema, kwa kuwa aliniambia niyaandike:

"Siku ile nilikuwa nje na shoka. Mlango umefungwa, moshi unatoka, sijui mnamfanyia nini mle ndani. Miaka miwili nimelala na hilo. Nimekuja kujua ubaoni. Nimejua mlimsuuza nywele mara mbili. Nimejua maji hayakuwa ya moto sana. Hakuna aliyeniambia."

"Hukuniuliza," nikamwambia.

"Nawe hukuniambia."

Ni kweli, sikumwambia. Nikamwuliza basi habari ya wale wanawake na mabakuli yao, mbona aliwakaribisha wakati alipofiwa kweli aliwarudisha wote kutoka mlangoni, akisema tuko sawa, tuko sawa.

"Safari ile mwenye msiba nilikuwa mimi," akasema. "Safari hii mwenye msiba hakuwepo. Mimi nilikuwa marehemu tu. Marehemu hamfukuzi mtu."

Wakamletea chakula cha Elma, Aili. Wakakaa wakamsema Elma jioni nzima, kwa sababu ukishaona mwenye nyumba yu hai huwezi kumsifu yeye, unamsifu mkewe. Nilikuwepo, na sikuelewa nilichokuwa nakiona.

Kisha akasimama, akaenda kwenye sinki, akanipa mgongo. Akasema:

"Elma alipokuwa anaumwa, kila asubuhi nilikuwa naingia kwenye banda la kuni. Nilikuwa namwambia Mungu, umekosea mlango, wa kuchukua ni mimi. Mwache yeye. Sikukubaliwa. Halafu naingia maktabani, pale karibu na tangazo la chanjo za mbwa, nakuta nimekubaliwa. Mimi nimelala kwenye benchi. Elma hajafa. Mwambie asinitoe. Mwambie popote palipo na jina langu aliache."

Nikamwambia watu watacheka, mzee mwenye upara anasuuzwa nywele. Akasema, "Wacheke."

Ndiyo hayo. Ulisema mwenye shairi huachwa aseme mwisho. Sasa amesema. Mimi niliyekuwa napiga kelele tangu Oktoba nanyamaza, na sijui nikushauri nini, maana mmoja wenu anataka arudishwe humo na mwingine ndiyo kwanza ameweza kumtaja mama yake. Amua wewe.

Shangazi yako,
Lempi


Tucson
19 Mei 1997

Shangazi mpendwa,

Salamu kwenu. Mlimau umezaa kupita kiasi, nimemwachia jirani, yule aliyenigongea ukuta. Madarasa yamekwisha. Nilimtafuta yule mwanafunzi wa kaka yake, nikamwambia lile shairi alilete tena kwangu, bila darasa. Amelileta. Ubeti wa tatu bado umelegea, na sikuugusa.

Barua yako niliisoma nimesimama ofisi ya posta. Nilimpigia mchapishaji nikiwa pale pale. Akaniuliza kama nina hakika safari hii, maana mashine zinawashwa kesho yake. Akasema kazi yake imemfundisha kwamba washairi hawajui nani amekufa. Nikamwambia mimi najua, ila kuna mtu ameomba.

Kitabu kimefika leo, na nakala yenu iko kwenye bahasha hii. Mwambie baba amefariki ukurasa wa kwanza, mbele ya watu wote, na nywele zake zote zipo. Dolores asiweke utepe.

Lile jingine, la mama, sitalichapisha. Nimelikunja, nakuja nalo Jumamosi ijayo. Naomba sauna iwashwe. Nitalisoma pale kwenye chumba cha kuvulia nguo, kwenu wawili tu, na sidhani nitalimaliza bila kusimama.

Kuni nadhani bado zipo. Nitakapoanza kusoma, shangazi, mshike baba mkono, asitoke nje. Safari hii akae ndani pamoja nasi.

Aili wenu